Walaji wa Mukuba

Mtama ulipokwisha kuvunwa na mvua zikawa zimekatika, mwezi wa tano hivi, mkuu wa Wasanga wa Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, alitangaza kwamba wakati wa kwenda kula mukuba umefika. Mukuba ndiyo shaba. Kuila kulikuwa kuichimba, kuiosha, kuiyeyusha na kuishi kwa faida yake hadi mvua zirudi. Watu walihama na jamaa zao, wakapiga kambi kando ya mto, karibu na vilima visivyo na miti. Udongo wenye shaba nyingi haukuzi msitu. Huota nyasi fupi na maua ya zambarau, ambayo wataalamu wa mimea walikuja kuyaita maua ya shaba. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani, malakiti, juu ya ardhi na katika vifusi vya zamani. Wanaume walishuka mashimoni na sululu ndogo za chuma. Mashimo mengine hayakumzidi mtu kimo, mengine yalifuata mkanda wa madini mita 10 na zaidi kwenda chini. Mawe yaliletwa mtoni, yakaoshwa, yakachambuliwa kwa mkono, yakatengwa mazuri na mabaya.

Naomba msomaji aikumbuke kambi hiyo, hasa wanawake wale mtoni. Nitawaita tena baadaye watoe ushahidi.

Kazi ilipohamia kwenye tanuri, mambo yalibadilika. Mafundi walikata miti migumu wakachoma makaa. Walivunja vipande vya kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa hustahimili moto, wakajenga tanuri lisilozidi kimo cha mtoto. Neli za udongo zilipitisha pumzi ya mivukuto ya ngozi ya swala. Hapo hakukuwa tena na kelele za watoto. Fundi mkuu, aliyefundishwa na wakubwa wake na kupewa dawa za kazi, aliweka bwanga lake, yaani dawa hiyo, ndani au chini ya tanuri. Aliwaita wazee waliokufa, wale waliomtangulia katika ufundi huo, wawe pamoja naye. Tangu siku kadhaa kabla ya kuwasha moto alikuwa amejitenga na mke wake. Mwanamke hakukaribia tanuri, kwa sababu tanuri lenyewe lilikuwa kama mama mwenye mimba na lilikuwa linatarajiwa kuzaa. Shaba ikatoka ikiwa chafu, ikayeyushwa mara ya pili, ikamiminwa katika kalibu za udongo. Ikapoa ikiwa mikuo yenye umbo la msalaba, ile inayoitwa handa.

Kolwezi ya leo, mji wa migodi huko huko Katanga, ina watu wengi wanaozungumza juu ya uchawi wa migodi. Wapo wanaosema madini yana mwenyewe, kwamba yanahama usiku, kwamba yanataka kulipwa, na kwamba mambo hayo yote ni mila za wazee wa kale. Swali la mizizi ndilo lililonivuta kuandika. Je, uganga wa machimboni leo umetoka kwa walaji wa mukuba, kama mti unavyotoka kwenye shina lake? Nimeufuata uzi huo nyuma kadiri ulivyokubali kufuatwa, na ninaamini jibu lina uzito kwa watu walio hai.

Uzi unakwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Kaskazini mwa Kolwezi, Mto Lualaba unatawanyika katika mabonde ya Upemba, penye maziwa na matete. Huko Sanga, ukingoni mwa Ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea katika miaka ya 1970. Makaburi hayo yanasimulia zaidi ya miaka elfu moja. Katika yale ya zamani kidogo shaba ni pambo la wachache. Baadaye, kuanzia karne ya 13 na ya 14 hivi, misalaba ya shaba inaonekana kwa wingi. Mwanzoni ni mikubwa. Kadiri karne zinavyopita inakuwa midogo na ya kipimo kimoja, mpaka maiti anazikwa ameishika mikononi kama mtu anayesafiri na fedha zake. Shaba yenyewe haikuchimbwa Upemba. Ilitoka kusini, katika vilima vya ukanda ambao leo unaanzia Kolwezi, unapita Likasi na Lubumbashi na kuvuka mpaka kuingia Zambia.

Kaburi moja la Kamilamba, la karne ya 8 hivi, lilikutwa na fuawe ya chuma karibu na kichwa cha marehemu, pamoja na shoka la heshima. Watu wanaozijua habari za Waluba hawatashangaa. Katika masimulizi yao, Kalala Ilunga, shujaa aliyeanzisha ufalme mpya, alikuja pia na ufundi wa kufua chuma, na mfalme alipotawazwa ilikuwako ibada ya kugonga fuawe. Mhunzi na mfalme walishiriki siri moja: wote wawili walitwaa kitu kisichokuwa na umbo wakakipa umbo. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya dawa za tanuri tusidhani ni ushirikina wa pembeni, wa watu walioogopa moto. Zilikuwa karibu na kiti cha enzi.

Lakini mtu asiharakishe kusema kwamba huo ni urithi wa kabila moja. Katikati ya karne ya 19 alifika Kalasa, mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akitafuta shaba. Mwanawe akabaki. Ndiye Msiri, aliyejenga Bunkeya na kuzitiisha nchi za Wasanga na majirani zao, na watu wake wakajulikana kama Wayeke. Njia za biashara kutoka kwake zilifika Bahari ya Hindi upande mmoja na Angola upande wa pili. Wayeke walileta ufundi wa kuvuta waya wa shaba: mkuo ulifuliwa ukawa fimbo nyembamba, fimbo ikapitishwa katika matundu yanayozidi kuwa madogo, mpaka ikawa udodi wa kusokota bangili za miguuni na mikononi. Walikuja na mizimu yao na waganga wao. Frederick Stanley Arnot, mmisionari aliyefika Bunkeya mwaka 1886, aliona kwamba kazi ya shaba ilikuwa ya koo fulani, ikipokezwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, kila hatua ikifuatwa kama wazee walivyoiacha. Aliona pia mwavi, ile sumu ya kumpima mtuhumiwa wa uchawi. Hilo nalo ni la kale, na ni lazima lisemwe. Anayeidai mizizi aidai yote, pamoja na ile michungu.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita akitazama vilima na kuandika. Mwaka 1899 George Grey, akiongoza msafara wa kampuni ya Tanganyika Concessions, alianza kutafuta madini upande wa kusini, na punde akafika Kambove, Kolwezi na Ruwe. Wazungu hao hawakuanzia patupu. Walichofanya mara nyingi ni kuongozwa hadi kwenye mashimo ya wenyeji, na kwa kila shimo la zamani wakachora alama kwenye ramani. Mashimo yale yaliyofunguliwa kwa sululu na maombi yakawa ndiyo ushahidi wa utajiri uliowavuta wawekezaji. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Mwaka 1911 tanuri lake la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza.

Hapo uzi ulikatika. Ulikatika kweli, na kizazi kimoja kilitosha. Kampuni ilikuwa imeshika ardhi, na shaba ya mkuu wa Wasanga haikuwa tena na soko wala ruhusa. Fundi aliyekuwa akilipwa kwa ujuzi wake sasa alitakiwa kama kibarua wa mikono miwili, sawa na mtu ambaye hakuwahi kuliona tanuri. Wala kampuni haikuwategemea Wasanga tu: iliajiri watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Angola, na baadaye Ruanda-Urundi. Katika kambi za wafanyakazi watu hao walikutana kwa Kiswahili. Mtu aliyekuwa na dawa ya tanuri hakuwa na tanuri la kuiwekea.

Aliyeandika habari za kazi hiyo kwa marefu zaidi hakuwa mpenzi wa dini za Kiafrika. Jean-Félix de Hemptinne, mtawa Mbenediktini wa ukoo wa kitajiri wa Ghent, aliongoza misheni ya Katanga tangu 1910 na baadaye akawa askofu wake. Mwaka 1926 alichapisha makala juu ya walaji wa mukuba, na mengi tunayoyajua juu ya kambi, tanuri, bwanga na miiko yametoka kwake. Nimshukuru, kwa sababu bila yeye tungekuwa na mabaki ya udongo mwekundu tu. Hata hivyo mtu akisoma habari hizo akumbuke ni nani aliyekuwa akiuliza. Wazee walikuwa wakimjibu kiongozi wa misheni iliyofanya kazi bega kwa bega na serikali na kampuni, na kwa vyovyote hawakuwa na sababu ya kumfungulia kila mfuko.

Nchi nyingine iliyowahi kuhangaika na swali la mizizi baada ya uzi kukatika ni Uingereza, na mfano wake unasaidia kuona vyema. Mwaka 1951 Bunge la huko lilifuta sheria ya uchawi iliyokuwapo tangu 1735. Miaka mitatu baadaye Gerald Gardner, mstaafu aliyefanya kazi ya forodha Malaya na kuandika kitabu kizima juu ya visu vya huko viitwavyo keris, alitoa kitabu akidai kwamba dini ya wachawi wa kale wa Uingereza haikufa. Alisema aliingizwa ndani yake mwaka 1939, katika msitu wa New Forest. Dini hiyo leo huitwa Wicca. Gardner aliegemea nadharia ya Margaret Murray, ambaye mwaka 1921 alidai kwamba watu waliochomwa na kunyongwa kwa uchawi Ulaya walikuwa waumini wa dini moja ya kale iliyofichwa. Baadhi ya wafuasi waliipeleka mizizi hiyo hadi kwa makabila ya Kianglo-Saksoni yaliyovuka bahari kuingia kisiwani katika karne ya 5.

Wanahistoria walipoichunguza nadharia ya Murray ilivunjika, na Ronald Hutton katika kitabu chake cha 1999 alionyesha kwa upole na kwa ushahidi mwingi kwamba Wicca ni dini mpya, iliyosukwa katika karne ya 20 kutokana na ushairi, vyama vya siri, masomo ya mila na kiu ya kweli ya watu wa mijini. Lakini haikusukwa kutokana na hewa. Waanglo-Saksoni walikuwa na waganga, hirizi na mitishamba. Katika mkusanyo mmoja wa tiba wa miaka ya 1000 hivi yumo mhunzi anayefua kisu ndani ya maneno ya kuponya maumivu ya ghafla. Mhunzi tena! Kuna pia kaburi la mawe kusini mwa Uingereza ambalo hati ya mwaka 955 tayari inalitaja kama karakana ya Wayland, mhunzi wa hadithi zao. Waanglo-Saksoni walilikuta limesimama, halikuwa lao, na lilikuwa limejengwa takriban miaka 4,000 kabla yao. Waliliona la ajabu, wakampa mhunzi wao.

Mtu anaweza kuupima uzushi wa namna hiyo kwa ukali. Mimi sioni sababu, mradi anayeanza jambo jipya akiri kwamba ni jipya. Waumini wengi wa Wicca leo wanakiri hivyo bila kupoteza imani yao. Hatari inaingia pale mtu anapotumia jina la wafu kujipatia mamlaka juu ya walio hai.

Kolwezi yenyewe ina mfano bora kuliko wa Gardner, nao ulizaliwa katika kambi za wachimbaji. Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Berlaar nchini Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 na kuishi miaka mingi kati ya Waluba. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa Élisabethville, yaani Lubumbashi. Kilidai kwamba yale yanayoitwa uchawi na ushirikina yana fikra moja nyuma yake: kila kilicho hai kina nguvu ya uzima, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua kwa uhusiano wake na wengine. Askofu de Hemptinne, yule yule aliyewaandika walaji wa mukuba, alikichukia kitabu hicho. Tempels akajikuta Ubelgiji, akakaa huko hadi 1949. Naona hapa jambo la kusikitisha. Askofu alikuwa ameandika habari za tanuri kwa marefu kuliko wengine. Mtu alipojitokeza kueleza kwa nini fundi aliwaita wafu kabla ya kuwasha moto, askofu hakutaka kusikia.

Aliporudi, Tempels alifanya kazi Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi. Kuanzia mwaka 1953 hivi ikazaliwa Jamaa, vuguvugu la kidini la wafanyakazi hao. Haikuwa na ofisi wala kadi. Watu waliooana waliingia pamoja, mume na mke, wakafundishwa hatua kwa hatua katika njia tatu, kila moja ikiwa na siri zake. Waliomaliza waliitwa baba na mama. Mafundisho yalizunguka mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Lugha yake ilikuwa Kiswahili cha kambi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeishi na wanajamaa katika miaka ya 1960, aliandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1971, akionyesha jinsi watu ambao kampuni iliwahesabu kwa namba walivyojenga fikra nzito wakiwa wameketi sebuleni jioni baada ya zamu.

Tazama sasa vipande vilivyomo. Kuna kufundishwa kwa siri na kwa hatua, kama fundi alivyofundishwa. Kuna uzima na uzazi, mambo ambayo tanuri la mukuba liliyatamka kwa udongo na moto. Hata hivyo hapakuwa na mtu aliyedai kwamba Jamaa ni mila ya Wasanga. Mluba, Mlunda, Mkasai na Mnyarwanda waliingia sawasawa, na mke alifika pale ambapo tanuri la zamani lilimzuia, tena kwa lazima, kwa kuwa mume peke yake hakuweza kuingia. Kama mtu akiniuliza fikra ya walaji wa mukuba iliendelea wapi baada ya 1911, nitamwelekeza kwenye sebule hizo kabla ya kumwelekeza kwa mganga yeyote wa machimboni.

Handa nayo ilipata maisha mapya, ya kisiasa. Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa kwenye bendera, na mwaka 1961 handa ikapigwa kwenye sarafu za taifa hilo la miaka miwili na nusu. Godefroid Munongo, waziri wake wa mambo ya ndani, alikuwa mjukuu wa Msiri. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliubadili mkoa jina ukaitwa Shaba, na jina hilo likadumu hadi 1997. Kitu kilichokuwa fedha mkononi mwa maiti kikawa nembo ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kukiona kikimiminwa.

Kisha likaja anguko. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto iliporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wote haukufika tani 50,000. Mishahara ikakatika, shule na hospitali za kampuni zikanyauka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi, wakalala vituoni wakisubiri treni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliagwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na katika nyumba nyingi hiari hiyo ilikuwa ya jina tu. Sheria ya madini ya 2002 ilikuwa imeruhusu uchimbaji wa mikono. Baba aliyekuwa na kofia ya kampuni akashika sululu na chepeo, na mwanawe nyuma yake. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba hadi ndani ya vyumba vya kulala.

Katika mashimo haya ndimo uganga wa leo ulimokulia. Jeroen Cuvelier, aliyetafiti maisha ya wachimbaji huko Lwambo, karibu na Likasi, alieleza katika tasnifu yake ya 2011 dunia ya vijana wanaotafuta manga (wingi wa bwanga) ya kuwakinga na kuvutia mawe, na wanaoamini kwamba mwanamke akikanyaga machimboni madini yatakimbia. Haya hayahitaji kuchekwa. Mtu anayeteremka mita 30 katika shimo lisilo na nguzo, akijua kwamba tarehe 27 Juni 2019 wenzake zaidi ya 40 walifukiwa na kifusi katika eneo la Kamoto, ana haki ya kutafuta ulinzi popote. Kampuni haimlindi, serikali haimlindi.

Lakini kuhusu mwanamke, hapa ndipo ninapomwita shahidi. Katika kambi ya walaji wa mukuba wanawake walikuwapo. Waliokota malakiti, waliosha, walichambua. Mwiko ulikuwa wa tanuri, kwa sababu tanuri lilikuwa linazaa na uzazi wa aina mbili haukuchanganywa. Machimbo hayakuwa na mwiko huo. Tanuri lilipokufa, mwiko ulibaki bila mahali pa kukaa, ukahamia shimoni, na huko ukapata kazi nyingine: kumweka mwanamke mbali na jiwe ghali na kumwachia lile la bei ndogo. Kolwezi leo wanawake wangali mtoni wakiosha na kupepeta madini, maji yakiwafika magotini, na malipo yao ni ya chini kuliko ya wachimbaji na wanunuzi. Akitokea mtu kuwaambia kwamba wazee ndio waliowaweka hapo kwenye malipo duni, wana haki ya kumuuliza ni wazee gani.

Nakuja kwenye lile linaloniuma zaidi. Tangu miaka ile ya anguko, katika miji ya Kongo watoto wameitwa wachawi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa kambo, au yule aliyekojoa kitandani wiki ambayo baba amekosa kazi. Filip De Boeck na watafiti wengine wamefuatilia jambo hili na kuonyesha kwamba katika sura yake ya sasa ni la mjini na la karibuni: limekua pamoja na njaa, vita, na makanisa ya uamsho ambayo baadhi ya wachungaji wake hujipatia riziki kwa kuwatambua na kuwaombea hao wanaoitwa walozi. Zamani tuhuma iliwaangukia zaidi watu wazima: mzee mwenye mali, mke mwenza, jirani mwenye kisasi. Nilikwisha kusema kwamba mwavi ulikuwapo na uliua. Siwaoshi wazee. Ila habari za tanuri zina jambo ambalo wachungaji hao hawalitaji: shaba ilipokataa kutoka, miiko mingi ilikuwa imeandikwa mwilini mwa fundi, na swali lilianza kwake na kwa wasaidizi wake, kama walijizuia au walivunja. Gharama ya siri ililipwa na mwenye siri.

Katiba ya 2006 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu ya kifungo kwa mateso yanayotokana na tuhuma hiyo. Maandishi hayo ni mazuri, na mengi yake hayajafika katika mitaa ya Kolwezi. Mchungaji na mganga wana utetezi mmoja unaowasaidia sana mbele ya familia iliyochanganyikiwa: kwamba hivi ndivyo mababu walivyojua. Machifu wa Kisanga, Kilunda na Kiyeke wanaweza kuuvunja utetezi huo siku moja tu. Wao ndio wenye mababu wanaosemwa. Kila tarehe 20 Desemba watu hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri, mbele ya mwami, yaani chifu wa Wayeke, wakuu na viongozi wa serikali. Tamko likitolewa hapo kwa Kiswahili ambacho kila mchimbaji anakielewa, kwamba mila ya mukuba haimjui mtoto mchawi, familia nyingi zitalisikia kabla hazijasikia kifungu chochote cha sheria.